Homa Moja, Magonjwa Mengi

Julai 2022, wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi iliingiwa na hofu. Wagonjwa walikuwa wakifika kituo cha afya cha Mbekenyera wakiwa na homa, kichwa kikiwauma vibaya, mwili umelegea, na baadhi yao damu ikiwatoka puani. Hadi Serikali inatoa taarifa, waliokwisha kuorodheshwa walikuwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Homa inayoandamana na kutokwa damu humfanya mhudumu yeyote wa afya Afrika Mashariki awaze majina mawili ya kutisha: Ebola na Marburg. Sampuli zikapelekwa maabara. Majibu yakarudi kwamba si Ebola, si Marburg, wala si UVIKO-19. Siku chache baadaye Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akalitaja hadharani jina la ugonjwa: Homa ya Mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosisi.

Mgunda husababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya figo za panya na wanyama wengine, wa mwituni na wa kufugwa. Hutoka na mkojo, wakakaa kwenye maji, tope na udongo wenye unyevu, kisha humwingia binadamu kupitia mchubuko wa ngozi, macho, pua au mdomo. Ni ugonjwa unaoweza kuua, lakini una dawa, tena dawa za kawaida kama doksisaiklini na penisilini.

Miezi minane baadaye hali inayofanana na hiyo ilianza upande wa pili wa nchi. Vijijini Bukoba, mkoani Kagera, watu waliugua homa, wakatapika, wengine wakatokwa damu, na vifo vikafuatana. Safari hii jibu la maabara, lililotangazwa tarehe 21 Machi 2023, lilikuwa Marburg. Hadi mlipuko huo unatangazwa kwisha mwanzoni mwa Juni, wagonjwa tisa walikuwa wamehesabiwa na sita wamefariki. Hapakuwa na dawa iliyoidhinishwa ya kuua virusi hivyo. Silaha ilikuwa kuwatenga wagonjwa, kuwafuatilia wote waliowagusa, na kuzika kwa tahadhari.

Mikoa miwili, dalili zinazokaribiana, na hatua za kuchukua zilizo mbali kabisa. Dawa ya Ruangwa isingemsaidia mgonjwa wa Bukoba. Nani apewe kidonge, nani atengwe, nani afukuze panya shambani: yote hayo yalisubiri jibu la swali moja, nalo ni chanzo cha homa ile.

Joto linatoka wapi

Mara nyingi homa husemwa kana kwamba yenyewe ndiyo ugonjwa. Kitabibu ni dalili, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya mwili wenyewe. Joto la kawaida la binadamu huzunguka nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi, na kinachosimamia kiwango hicho ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Viini vya maradhi vinapoingia, chembe nyeupe za damu humwaga kemikali zinazoifikia sehemu hiyo na kuifanya ipandishe kiwango. Ikiwa kiwango kipya ni nyuzi 39, mwili wenye nyuzi 37 hujiona una baridi. Misuli hutetemeka ili izalishe joto, mishipa ya ngozi husinyaa ili lisipotee, na mgonjwa hujifunika blanketi mbili saa saba mchana katika joto la Tanga. Kiwango kikirudi chini, jasho humwagika.

Hatua hizo ni zilezile kwa mgonjwa wa malaria, wa nimonia, wa homa ya matumbo, wa dengue au wa maambukizi ya njia ya mkojo. Ndiyo maana kiganja cha mama juu ya paji la uso kinaweza kutambua kwamba mtoto anaumwa, lakini hakiwezi kusema anaumwa nini.

Kinyume chake pia hutokea, yaani ugonjwa kuwapo bila dalili yoyote. Mtu anaweza kutembea miaka mingi na shinikizo la damu lililozidi 140 kwa 90 asihisi kitu, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo ikiharibika taratibu. Aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI anaweza kuonekana mwenye siha kwa miaka kadhaa. Kuumwa ni jambo analolihisi mgonjwa. Ugonjwa ni badiliko lililo ndani ya mwili. Mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja, lakini si kila mara.

Kutoka hewa ya vinamasi hadi tone la damu

Kwa karne nyingi Wazungu waliamini kwamba malaria huletwa na hewa mbaya inayofuka kwenye vinamasi. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Waliokaa karibu na vinamasi waliugua kweli, na waliohamia milimani walipona kweli. Walichokosa ni kiungo cha katikati.

Tarehe 6 Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alikuwa katika hospitali ya kijeshi mjini Constantine, Algeria, akichunguza kwa hadubini damu mbichi ya askari mwenye homa. Akaona vitu vyembamba kama nyuzi vikijinyonganyonga kando ya chembe za damu. Vilikuwa vimelea hai. Miaka 17 baadaye, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross alipasua mbu mjini Secunderabad, India, na kukuta vimelea hivyo vikikua kwenye ukuta wa tumbo la mdudu huyo. Kiungo kilichokosekana kikawa kimepatikana: kinamasi huzaa mbu, mbu aina ya Anofelesi hubeba kimelea, na kimelea ndicho kinachopasua chembe nyekundu za damu na kuleta homa.

Wakati huohuo Mjerumani Robert Koch alikuwa ameuonyesha ulimwengu namna ya kukithibitisha kisababishi. Alikuwa amemtambua bakteria wa kimeta, na mwezi Machi 1882 akatangaza mjini Berlin kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Masharti yaliyopewa jina lake yalikuwa makali: kiini kionekane kwa kila mwenye ugonjwa, kitolewe na kuoteshwa peke yake, kikiingizwa kwa mnyama mzima kilete ugonjwa uleule, na kipatikane tena ndani ya mnyama huyo. Koch alifika hadi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akachunguza damu za wagonjwa wa homa katika koloni la Ujerumani.

Suala la chanzo cha ugonjwa halikuwa la wanasayansi tu, kwa kuwa kila nadharia ya chanzo huamua njia ya matibabu. Pwani ya Afrika Mashariki, mtoto anayekakamaa na kugeuza macho husemwa ana degedege, na wazee wengi waliihusisha hali hiyo na pepo afananaye na ndege apitaye usiku. Familia yenye imani hiyo hupiga hodi kwanza kwa mganga wa kienyeji, tena nyingine huogopa sindano, zikidhani itamuua mtoto. Lakini kukakamaa huko huweza kuwa malaria iliyofika kwenye ubongo, ambayo humuua mtoto ndani ya saa chache asipotibiwa. Kinachomchelewesha mtoto hospitali si ukosefu wa upendo. Wazazi wake wanakimbia kwa nguvu zao zote, wakifuata njia ambayo chanzo wanachokiamini kimewaonyesha.

Kiini kipo, ugonjwa haupo

Ingekuwa rahisi kama kila ugonjwa ungekuwa na kisababishi kimoja, na kila mwenye kisababishi akaugua. Koch mwenyewe alikutana na tatizo hilo alipogundua kwamba bakteria wa kipindupindu huweza kukaa ndani ya watu wasioumwa kabisa. Kifua kikuu kinaonyesha jambo hilo kwa uzito zaidi. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa bakteria wake, lakini kati ya watu 100 walioambukizwa, ni watano hadi kumi tu watakaougua maishani mwao. Utapiamlo, virusi vya UKIMWI, kisukari, sigara, na nyumba zenye msongamano zisizopitisha hewa huchangia kuamua nani aangukie upande upi. Bila bakteria hakuna kifua kikuu. Hata hivyo, bakteria peke yake hatoshi.

Nao mwili una historia yake. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alikusanya sampuli za damu nchini humo mwaka 1949 na kuona kwamba wenye kiasili (jeni) kimoja cha selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: anayerithi kiasili kimoja cha selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayerithi viasili viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, ndiye anayeugua selimundu yenyewe, pamoja na maumivu yake makali ya mifupa na upungufu wa damu. Hapo chanzo si kiini kilichotoka nje. Ni urithi, na malaria ndiyo iliyousaidia kudumu vizazi na vizazi.

Wakati mwingine chanzo kimo ndani ya chungu cha chakula. Mwaka 1981, mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walijikuta ghafla miguu yote miwili imekakamaa, hawawezi kutembea. Kwanza iliogopewa kuwa ni polio. Uchunguzi ulipoendelea, picha ikabadilika. Ulikuwa mwaka wa ukame mkali, na kilichostahimili mashambani ni muhogo mchungu. Njaa iliwanyima watu muda wa kuuloweka na kuuanika inavyopaswa, hivyo sumu ya sianidi ikabaki ndani yake. Na kwa kuwa hapakuwa na samaki wala kunde za kutosha, miili yao ilikosa protini inayosaidia kuiondoa sumu hiyo. Ugonjwa huo, uitwao konzo, ulikuwa umeshaelezwa Kongo miaka ya 1930, na mwaka 1985 ulilipuka pia Tarime, Tanzania. Chanzo chake ni kipi hasa: sianidi, ukame, au umaskini? Daktari atajibu sianidi. Anayetaka ugonjwa usirudi itambidi ashughulikie vyote vitatu.

Malaria ya kudhaniwa

Kwa miongo mingi, mwongozo wa zahanati nyingi za Afrika ulikuwa mfupi: mwenye homa apewe dawa ya malaria. Palipokuwa hakuna hadubini, na malaria ikiwaua watoto kila msimu wa mvua, ushauri huo uliokoa maisha. Lakini ulijenga mazoea, na mazoea hayo yalibaki hata pale malaria ilipopungua.

Gharama yake ilionekana watafiti walipochunguza wagonjwa waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania kwa kudhaniwa kuwa na malaria kali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kati ya wagonjwa 4,474 ambao damu yao ilisomwa upya kwa makini, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, chini ya nusu. Zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa malaria wasiyokuwa nayo. Na waliokosa vimelea ndio waliofariki zaidi: asilimia 12, ilhali waliokuwa na malaria kweli walifariki asilimia 7. Malaria ilikuwa na dawa yake. Ugonjwa mwingine, ambao haukutafutwa, uliachwa uendelee.

Hospitali mbili za Moshi zilitoa picha kali zaidi. Wagonjwa 870 waliolazwa na homa mwaka 2007 na 2008 walipimwa magonjwa mengi kwa pamoja. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Miongoni mwa waliopimwa kikamilifu, takriban robo walikuwa na maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama: mgunda, brusela, homa ya Kyu, na homa zinazoenezwa na kupe. Ni magonjwa ya watu wanaokamua ng'ombe, wanaozalisha mbuzi na kulala jirani na zizi, na yote yana antibayotiki.

Kwa watoto wasiolazwa, utafiti wa mwaka 2008 uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara ulihusisha watoto 1,005 wenye homa. Maambukizi ya mfumo wa hewa yalikuwa asilimia 62, malaria takriban 10, na homa ya matumbo chini ya 4. Watoto saba kati ya kumi walikuwa na maambukizi ya virusi, ambayo mengi huisha yenyewe kwa kupumzika, maji ya kutosha na dawa ya kushusha homa. Wengi wao hawakuhitaji antibayotiki wala dawa mseto ya malaria.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake: kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe.

Uchunguzi huanza kabla ya sindano

Wagonjwa wengi hudhani uchunguzi huanza pale kidole kinapochomwa. Kwa daktari makini, wakati huo kazi huwa imeshafika mbali, kwa sababu maelezo ya mgonjwa peke yake hupunguza orodha ya magonjwa yanayowezekana.

Homa imeanza lini? Vimelea vya malaria huanza kwa kukaa kwenye ini takriban wiki moja, na ugonjwa hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Hivyo anayeishi kwenye baridi ya Makete na kuugua baada ya kurudi kutoka bonde la Kilombero lazima aseme alikotoka. Anafanya kazi gani? Mlima mpunga na msafisha mitaro wapo hatarini kupata mgunda. Anakunywa maziwa yasiyochemshwa? Huenda ni brusela. Viungo vinamuuma kiasi cha kushindwa kukunja vidole? Chikungunya hufanya hivyo, nayo ilielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, kwenye nchi ya Wamakonde. Maumivu nyuma ya macho, katika mji wenye matairi na ndoo zenye maji yaliyotuama, humfanya daktari afikirie dengue, ambayo iliutikisa mji wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na ambayo mbu wake huuma mchana.

Kisha huja mikono, macho na masikio. Shingo iliyokakamaa hutia shaka ya homa ya uti wa mgongo. Mtoto anayepumua haraka huku kifua kikibonyea kwa ndani huenda ana nimonia. Macho ya manjano, bandama iliyovimba, vipele, koo lenye usaha, sikio linalouma: kila ishara hulipunguza jina moja uzito na kuliongezea jingine. Mwisho wa hatua hii daktari hubaki na majina mawili au matatu, na kipimo huagizwa ili kuyatenganisha hayo. Kupima kila kitu bila kuwa na dhana ni kupoteza pesa za mgonjwa, na kama itakavyoonekana, ni kumkaribishia majibu ya uongo.

Majibu ya maabara nayo husomwa

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kibao cha plastiki na mistari miwili, kimefika hadi zahanati za vijijini. Hakitafuti kimelea chenyewe. Hutafuta protini ambayo kimelea huimwaga kwenye damu, na hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Ni kipimo kizuri, lakini protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kama harufu ya moshi inayobaki jikoni moto ukishazimwa. Aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita anaweza kuonekana bado ana malaria, kumbe homa yake ya leo ina chanzo kingine. Hapo hadubini ndiyo huamua, maana yenyewe huonyesha vimelea.

Nayo hadubini ina masharti. Watu husema wamekutwa na "wadudu wawili" au "wadudu watano", wakidhani hiyo ndiyo idadi iliyomo mwilini mwao. Mtaalamu wa maabara huhesabu vimelea katika eneo dogo tu la kioo, mara nyingi akilinganisha na idadi fulani ya chembe nyeupe. Vimelea vichache kwenye kioo vinaweza kuwakilisha mamilioni katika mzunguko wote wa damu. Tena mtu mzima aliyekulia kwenye malaria nyingi anaweza kubeba vimelea vichache bila kuumwa. Akipata nimonia, vimelea vitaonekana, na nimonia itasahaulika.

Kipimo kinachohitaji tahadhari kuliko vyote ni kile cha homa ya matumbo, yaani taifodi, kijulikanacho kama Widal, kilichobuniwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana na bakteria wa ugonjwa huo. Askari hao huweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani au chanjo, na hata maambukizi ya bakteria wengine huweza kuwaamsha. Hivyo kipimo kimoja cha Widal humpa jina la taifodi mtu asiyekuwa nayo, naye hurudi nyumbani na mfuko wa antibayotiki. Kuotesha damu maabara ni njia bora zaidi, ingawa huchukua siku kadhaa na hukamata takriban wagonjwa sita tu kati ya kumi.

Hesabu ndogo huonyesha kwa nini dhana ya mwanzo ina uzito. Tuseme watu 1,000 wenye homa wanapimwa ugonjwa walionao watu 10 tu. Kipimo kinawatambua tisa kati ya hao 10, na kwa wasio na ugonjwa hukosea mara tano tu katika kila mia. Watu 990 wasio nao watatoa karibu majibu 50 ya uongo. Hivyo kati ya takriban watu 59 watakaoambiwa wana ugonjwa huo, walio nao kweli ni tisa. Kipimo hakikuharibika, kimetumika kwa watu wasiostahili kupimwa. Kipimo hichohicho kikitumika kwa watu ambao nusu yao wana ugonjwa huo, karibu kila jibu la "ndiyo" litakuwa la kweli. Ndiyo sababu kipimo cha malaria chenye majibu ya kuaminika Kigoma hakisomwi vilevile kwenye vilele vya Njombe.

Vilevile kipimo kisichokamata kila kitu kinaweza kusaidiwa na kingine. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa sampuli za makohozi na kutambua kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli mia moja kwa takriban dakika 20, kazi ambayo ingemchukua mtaalamu wa hadubini siku kadhaa. Sampuli anayoionyesha haitangazwi kuwa na ugonjwa papo hapo. Hurudiwa maabara kwanza, na kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa wengi ambao kliniki ziliwapita.

Sehemu ya mgonjwa

Katika msururu huu wote, mgonjwa na familia yake wanashika taarifa ambazo hakuna mashine inayoweza kuzipata. Siku homa ilipoanza, safari za mwezi uliopita, mifugo iliyotupa mimba zizini, panya waliozidi shambani, dawa zilizokwisha kumezwa kutoka duka la dawa hata kama ni vidonge viwili tu: yote hayo yasemwe, hata daktari asipouliza. Dozi nusu ya antibayotiki iliyomezwa jana huweza kumzuia bakteria asiote maabara leo, na hujenga usugu unaomfanya bakteria huyo asiuawe kesho.

Mgonjwa ana haki pia ya kuuliza. Mnadhani ni ugonjwa gani, na kwa nini? Kipimo hiki kikisema hapana, kinaondoa nini? Homa isiposhuka baada ya siku mbili au tatu, nirudi kufanya nini? Daktari mzuri hayachukii maswali hayo. Na kipimo kinaposema hakuna malaria, kuomba dawa mseto "kwa usalama" si usalama, kwa kuwa kunaufunga mlango wa kutafuta kile kilichopo.

Zipo hali zisizosubiri siku mbili. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, anayekakamaa, aliyelegea au asiyeamka, anayepumua kwa shida, na kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote, wote hao wapelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Na mgonjwa anayeshukiwa kuwa na dengue anahitaji onyo la peke yake. Atumie parasetamoli, asitumie aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, maana hizo huongeza hatari ya kutokwa damu. Kipindi chake cha hatari huanza kati ya siku ya tatu na ya saba, mara nyingi wakati homa inaposhuka na familia inapoanza kupumua. Akipata maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au kulegea ghafla, arudishwe hospitali mara moja, hata kama kipimajoto kinaonyesha nyuzi 37.